Bodi Mia Moja na Rezista Mbili Zilizosahaulika

SWALI

Kwako Mshauri,

Mimi ni fundi wa elektroniki ambaye kwa miaka minne sasa nimekuwa nikichora bodi za saketi za kibodi za kimakanika, zile ambazo kila kitufe kina swichi yake na mwenye kibodi huchagua mwenyewe swichi, kasha na vifuniko vya vitufe. Nilianza kwa kujichorea yangu, nikawachorea marafiki wawili, kisha mtu nisiyemfahamu akaniandikia akiomba nimchoree bodi ya asilimia 60, yenye vitufe 61, aliyokusudia kuitengeneza kwa wingi na kuwapelekea wapenzi wa kibodi waliokwisha kumlipa. Tulikubaliana malipo kwa ujumbe usiozidi mistari kumi, nami nikaanza kazi.

Niliichora kwa KiCad, programu ya kuchorea saketi, nikatumia maikrokontrola ya ATmega32U4, yaani chipu inayoiendesha kibodi, nikapanga vitufe katika safu mlalo 5 na safu wima 14, na kila swichi nikaipa dayodi yake, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kiwanda kilileta sampuli tano. Mbili nilibaki nazo, tatu zikaenda kwa mteja. Nilibonyeza kitufe kimoja kimoja, kisha vingi kwa pamoja, na hakuna kilichokosea. Mteja naye alijaribu za kwake, akaniandikia neno moja tu: “Endelea.” Bodi mia moja zikatengenezwa, zikafungwa ndani ya makasha na kusafirishwa.

Wiki ya pili malalamiko yakaanza kuja. Wanunuzi kumi na wanane walisema kibodi zao hazina uhai: hakuna taa, hakuna herufi, na kompyuta haina habari kwamba kuna kitu kimechomekwa. Wengine wote walikuwa wakiandika bila tabu. Nilihangaika siku tatu, hadi nilipoazima kwa mwenzangu kebo yenye kichwa cha USB-C pande zote mbili na kuichomeka kwenye sampuli yangu mwenyewe, ile niliyokuwa nikiitumia kila siku, nayo ikanyamaza kimya. Nilipoufungua mchoro niliona kosa kabla hata sijaketi: pini mbili za CC za soketi ya USB-C, zile zinazoiarifu kompyuta kwamba kuna kitu kimechomekwa, hazikuunganishwa na chochote. Muda wote huo mimi na mteja tulikuwa tukijaribia kebo za kawaida, zenye kichwa kipana cha USB-A upande wa kompyuta.

Sasa mteja anadai nimlipe gharama yote ya kutengeneza bodi mia moja, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya ujira niliopokea. Anadai pia faili zangu za KiCad, akisema kwamba alizilipia. Katikati ya hayo, mteja wa pili ameniandikia akitaka bodi isiyotumia waya, yenye betri ndani, na anataka jibu mapema.

Naomba unishauri. Je, deni hili ni langu lote? Faili za mchoro ni za nani? Niendelee kutoa huduma hii, au nirudi kuchora kwa kujifurahisha? Na huyu mteja mpya, nimweleze yaliyonipata au ninyamaze?

Wako,
Mchoraji wa Bodi

JIBU

Ndugu Mchoraji,

Pole kwa yaliyokupata. Nitaanza na lile linalokuuma, kwa sababu wanunuzi kumi na wanane hawawezi kungoja tumalize kujadili mikataba.

Kosa la mchoro ni lako, na ni vyema umeliandika bila kulizungusha. Soketi ya USB-C inayopokea umeme inatakiwa kuwa na rezista mbili za kilo-omu 5.1, moja kutoka CC1 na nyingine kutoka CC2, kila moja ikishuka peke yake hadi kwenye ardhi ya saketi. Kompyuta yenye tundu la USB-C haitoi volti 5 mpaka ione rezista hiyo upande wa pili. Isipoiona, huchukulia kwamba hakuna kilichochomekwa. Tundu la USB-A halina ukaguzi huo, kwani volti 5 zipo pale wakati wote, na ndiyo sababu kebo yako ya zamani ilikuficha kosa kwa uaminifu mkubwa. Usijione fundi wa mwisho duniani. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa na kosa la jamii hiyohiyo: pini zote mbili za CC ziligawana rezista moja, na kwa kebo zenye chipu ya utambulisho baadhi ya chaja zikakataa kuipa umeme hadi bodi iliporekebishwa katika toleo lililofuata. Nakutajia jambo hilo pia ili utakaporekebisha mchoro wako usije ukatia rezista moja kwa pini mbili ukidhani umeokoa nafasi.

Wiki hii hii, kabla hujajibu dai la fedha, mwandikie mteja wako maelezo ambayo anaweza kuyapeleka kwa wanunuzi kama yalivyo. Waambie kwamba bodi zao ni nzima na zitafanya kazi kwa kebo yenye USB-A upande wa kompyuta. Yule ambaye kompyuta yake ina matundu ya USB-C pekee atahitaji adapta ndogo yenye kichwa cha USB-C upande mmoja na tundu la USB-A upande wa pili. Adapta ya namna hiyo ina rezista inayotakiwa ndani yake, hivyo kompyuta itakubali kutoa umeme. Gharama ya kebo na adapta hizo ibebe wewe, tena bila kusubiri kuombwa. Kama kuna bodi ambazo bado ziko mikononi mwa mteja, fundi mwenye hadubini na mkono uliotulia anaweza kulehemu rezista kwa waya mwembamba, lakini miguu ya soketi ile imeachana kwa nusu milimita tu, na sishauri kazi hiyo apewe mnunuzi afanyie mezani kwake.

Sasa tuje kwenye deni. Mteja wako hakununua mchoro wa kutundika ukutani. Alinunua bodi inayofanya kazi, na kwa soketi ya USB-C kufanya kazi ni pamoja na kukubali kebo ya USB-C. Hilo ni upande wake. Upande wako ni kwamba alipewa sampuli tatu, akazijaribu apendavyo, akatoa idhini ya kutengeneza mia moja. Idhini hiyo ina uzito, ingawa haifuti kosa lako. Katika kazi za usanifu ni jambo la kawaida mchoraji kuweka ukomo wa dhamana yake, mara nyingi usiozidi ujira aliolipwa, kwa sababu mtu anayelipwa sehemu ndogo ya gharama ya kiwanda hawezi kuwa bima ya kiwanda kizima. Tatizo ni kwamba ninyi hamkuandika hivyo. Mistari kumi mliyoandikiana haisemi lolote juu ya kosa, na palipo kimya sheria ya mahali husika ndiyo itakayosema, ambayo wakili wa huko anaijua kuliko mimi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kilichopotea ni ile sentensi moja ambayo ingekulinda.

Ningekuwa wewe, ningependekeza suluhu kabla ya yeyote kwenda kwa wakili: kebo na adapta kwa kila mnunuzi aliyekwama, mchoro uliorekebishwa bila malipo, na kurejesha ujira wako wote ikiwa atakubali kwa maandishi kwamba shauri limekwisha. Ni maumivu, najua. Lakini bodi hizo mia moja hazikuharibika. Zinaandika, na mnunuzi akipewa kebo sahihi hatakuwa na cha kudai isipokuwa usumbufu. Anayedai thamani ya bodi zote mia kana kwamba zimetupwa jalalani anadai zaidi ya hasara aliyoipata, na unaweza kumwambia hivyo kwa heshima.

Kuhusu kuendelea na kazi hii, jibu langu ni endelea, ila badili unachouza. Nimesoma barua yako mara mbili na naona kwamba umekuwa ukijihesabu kama mtu anayeuza mchoro. Mchoro wa bodi ya vitufe 61, kwa mtu aliyekwisha kuzizoea, si kazi kubwa: umbali kati ya swichi na swichi ni milimita 19.05, tundu la swichi ya aina ya MX kwenye bamba linaloshika swichi ni milimita 14 kwa 14, dayodi ni 1N4148 ileile, na mpangilio wa safu mlalo na safu wima haubadiliki. Anachokulipia mteja kwa kweli ni maswali unayomuuliza kabla ya kuchora na majaribio unayoyafanya baada ya sampuli kufika. Hapo ndipo huduma yako ilipokuwa dhaifu, na ndipo unapopaswa kuijenga.

Maswali yaanze na kasha. Usichore msitari hata mmoja kabla hujapokea faili ya vipimo vya kasha na bamba kutoka kwa aliyevisanifu, kwa sababu mahali pa soketi ya USB, matundu ya skrubu na nafasi chini ya bodi vinaamuliwa na kasha, wala si na wewe. Muulize kama soketi ya USB itakaa kwenye bodi kuu au kwenye bodi ndogo ya pembeni inayounganishwa kwa waya mfupi. Mimi hupendelea hiyo ya pembeni, na mkasa wako unaonyesha kwa nini: kama soketi yako ingekuwa juu ya kipande chake, leo ungekuwa unatuma vipande vidogo mia moja vilivyorekebishwa, na bodi kuu zisingeguswa.

Kisha muulize mpangilio wa vitufe, na usikubali jibu la “weka kila kitu”. Bodi ya kulehemu inaweza kubeba mipangilio kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa matundu ya swichi yanaweza kukaribiana na hata kuingiliana: Enter ya ISO, yenye kimo cha safu mbili, na ya ANSI, ya safu moja, kitufe cha kufuta kilichogawanywa, kitufe cha nafasi chenye upana wa mara 6.25 au mara 7 ya kitufe cha kawaida. Mteja akitaka soketi zinazoruhusu swichi kuchomolewa bila kulehemu, soketi hizo ni vipande vyenye mwili, haviwezi kukaliana, na hapo lazima achague. Wateja wengi hawalijui hili, na wakilijua baada ya sampuli kuletwa ndipo unapoanza ule mfululizo wa “badilisha kidogo tu hapa”. Vivyo hivyo taa: ikiwa ziko upande wa swichi unaotazama nyuma ya kibodi, baadhi ya vifuniko vya umbo la Cherry hugonga nyumba ya swichi katika safu fulani, na mnunuzi atakulaumu wewe, si taa.

Majibu yake yote yaandike katika kurasa mbili, ayasome, ayakubali kwa maandishi, na humo humo iandikwe kwamba badiliko lolote baada ya hapo lina malipo yake. Hutakuwa na haja ya kugombana naye. Utamwonyesha tu kifungu.

Upande wa majaribio ndio ninaotaka uukalie zaidi. Kosa lako halikutokana na kutokujua. Lilitokana na kujaribu kwa kebo moja, upande mmoja, na mikono ileile iliyochora. Iandike orodha ya majaribio na umpe mteja nakala, kila mmoja wenu aijaze kwa sampuli yake na kutia sahihi. Kebo ya USB-A kwenda USB-C, kisha ya USB-C pande zote mbili. Kichwa kikichomekwa, kisha kikageuzwa na kuchomekwa tena, kwa sababu kuna wachoraji wanaounganisha jozi moja tu ya njia za data na kuisahau ya upande wa pili, na bodi yao hufanya kazi nusu ya siku kulingana na bahati ya mkono. Kompyuta ilale, iamke, kibodi iitike. Vitufe vitatu vya pembe za mstatili vibonyezwe pamoja ili kuhakikisha herufi ya nne haijitokezi yenyewe, jambo ambalo likitokea linaelekeza kidole kwenye dayodi. Kitufe cha kuingiza programu kifikiwe bila kufungua kasha, kama ndivyo mlivyokubaliana. Na zaidi ya yote, sampuli moja iunganishwe kikamilifu, ndani ya kasha lenyewe, na bamba lenyewe, na stebilaiza, vile vishikilizi vya vitufe virefu, zikiwa zimefungwa, kwa sababu bodi inayong'aa juu ya meza inaweza kugonga nguzo ya skrubu ikishaingia ndani.

Orodha hiyo ikishatiwa sahihi na pande zote mbili, dhamana yako juu ya mambo yaliyojaribiwa ifikie hapo. Andika wazi kwamba mteja akiagiza kwa wingi kabla ya kusaini, anaagiza kwa hiari yake. Na kwamba kosa la mchoro likijitokeza baadaye utalirekebisha bure na wajibu wako wa fedha hautazidi ujira uliolipwa. Mteja atakayekataa kifungu hicho anakutaka uwe bima yake kwa bei ya mchoro, na huyo ni heri umkose.

Malipo yako yagawe katika sehemu tatu: arbuni kabla ya kuanza, sehemu ya pili unapokabidhi faili za sampuli, na ya mwisho orodha ya majaribio inapotiwa sahihi. Usitoze kwa idadi ya vitufe, kwa sababu vitufe havichoshi; kinachochosha ni mipangilio, maumbo ya kasha yasiyo ya kawaida na mteja asiyejua anachotaka. Gharama za kiwanda na usafirishaji wa sampuli alipe yeye moja kwa moja, zisipitie mfukoni mwako.

Kuhusu faili za KiCad, mwenzako anadai kitu ambacho hamkukitaja. Katika kazi hii kuna vitu viwili tofauti: faili za uzalishaji, yaani Gerber (michoro ya matabaka ya bodi inayosomwa na kiwanda), orodha ya vipuri na nafasi za kuviweka, ambazo bila shaka ni haki yake kwa kuwa bila hizo hawezi kutengeneza chochote, na faili za chanzo, ambazo zinamwezesha kuibadili bodi au kumpa mchoraji mwingine aendeleze. Hizo za pili huuzwa kwa bei yake, au hutolewa bure kwa hiari, lakini ni lazima isemwe mapema. Kwa mkasa huu, ningempa. Zitakusaidia kufikia suluhu, na mchoro wenyewe una kosa ambalo sasa mnalijua nyote wawili. Programu ya ndani ni habari nyingine: ikiwa umetumia QMK, programu huria ya kuendesha kibodi, leseni yake ya GPL inataka anayepewa programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine aweze pia kupata msimbo wake wa chanzo, kwa hiyo hapo hakuna cha kujadiliana.

Tumfikie huyo mteja mpya. Kazi yake usiichukue, angalau si sasa. Bodi isiyotumia waya ina antena inayotaka eneo lake lisilo na shaba, ina saketi ya kuchaji betri ya lithiamu ambayo ikikosewa haizimi tu bali inaweza kuwaka moto, na nchi nyingi hudai vifaa vya redio vipimwe na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa. Moduli ya redio ya nRF52840 iliyokwisha kuidhinishwa hupunguza sehemu ya mzigo huo, lakini haiuondoi. Chora moja yako mwenyewe kwanza, ishi nayo miezi kadhaa, kisha ndipo uiuze. Leo mpe uchaguzi wa bodi ya waya, na kama hataki, mwelekeze kwa mwenye uzoefu huo.

Na ndiyo, mweleze. Usimwandikie barua ya kujuta. Mtumie ile orodha ya majaribio, na kwenye mstari unaosema kebo ya USB-C pande zote mbili, mwandikie pembeni kwa nini mstari huo upo.

Mshauri